Betri Isijazwe Pomoni Kila Siku

Ukipita kwenye maduka ya kuchapa na ofisi ndogo za Nakaloke, kaskazini ya Mbale nchini Uganda, utakuta kompyuta mpakato zimechomekwa kwenye umeme tangu asubuhi hadi jioni. Wenyewe wana sababu: umeme ukikatika, mwenye betri iliyojaa ndiye anayemaliza kazi ya mteja. Tunawaelewa. Hata hivyo, tunasema wazi kwamba hofu hiyo ndiyo inayoua betri wanayoitegemea.

Betri ya lithiamu huchakaa upesi inapokaa imejaa, na joto huzidisha uchakavu. Battery University, mradi wa elimu ya betri wa kampuni ya Cadex ya Kanada, unakadiria kuwa betri iliyowekwa mwaka mzima ikiwa imejaa, katika joto la nyuzi 40, hubakiwa na asilimia 65 ya uwezo wake. Ikiwekwa na chaji ya asilimia 40 katika nyuzi 25, hubakiwa na asilimia 96. Chini ya bati lisilo na dari, mchana wa Februari, betri ya kompyuta inayofanya kazi haiko mbali na hali ile ya kwanza.

Dawa yake haina gharama. Kompyuta nyingi za miaka ya karibuni zina mpangilio wa kuzuia chaji isipite kiwango fulani, mara nyingi asilimia 80. Kwenye Lenovo hupatikana katika programu ya Lenovo Vantage, kwenye ASUS katika MyASUS, na kwenye Dell na HP nyingi umo ndani ya BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya kompyuta. Kwa kikomo hicho cha asilimia 80, betri inayodumu saa 4 ikijaa itadumu saa 3 na dakika 12. Dakika 48 zinazopotea si kidogo kwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kiislamu anayekimbizana na kazi usiku, kwa hiyo kikomo kisigeuzwe amri. Kampuni ya UEDCL, iliyopokea usambazaji wa umeme kutoka kampuni ya Umeme mwezi Aprili 2025, ikitangaza matengenezo, kiondoe usiku wa kuamkia siku hiyo, ujaze hadi asilimia 100, kisha ukirudishe. Wingu zito likitanda juu ya mlima Wanale, jaza mapema na uchomoe waya kabla radi hazijaanza.

Mtumiaji hatumlaumu sana, kwa maana mara nyingi hukabidhiwa mashine bila kuambiwa neno. Wauzaji wa Mbale na Jinja waweke kikomo hicho dukani na wamwonyeshe mnunuzi namna ya kukiondoa. Mashine ikiwa imeshatumika, watoe na ripoti ya betri. Kwenye Windows ni amri moja tu, powercfg /batteryreport, nayo huonyesha uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo uliobaki. Nawe mnunuzi, usitoe shilingi yako kabla hujaiona ripoti hiyo.