Safari ya masomo: tuanzie Ruzizi

Kila mara tunaposikia safari ya masomo, neno la kwanza ni Lwiro, la pili ni Kahuzi-Biega kuona ngagi. Ni vizuri. Lakini gari linaomba franka, na wadogo wetu wa mwaka wa saba na wa nane ambao wazazi hawajapata pesa, hao wanabaki nyumbani. Safari ya kugawanya darasa haifai kuitwa ya masomo.

Hapa Mumosho tuko na Ruzizi II! Baraji hii ilianza kazi mwaka 1989, ina nguvu ya megawati karibu 44, na SINELAC inaiendesha kwa ajili ya Kongo, Rwanda na Burundi. Tunaenda kwa miguu, kila mtu na kiazi chake mfukoni.

Bwana Prefe aandike mapema kuomba ruhusa. Mwalimu mmoja kwa watoto kumi; kuoga mtoni hapana, hata jua likiwa kali. Na kila mdogo aandike swali lake tangu darasani, la sivyo ni matembezi tu. Langu nalitoa bure: ule umeme unagawanywa namna gani kati ya nchi tatu, na sisi jirani tunapata ngapi?