Fundi wa miaka ishirini naye apewe nafasi darasani



Huku Gasorwe, Muyinga, mafunzo ya ufundi yakitangazwa, sisi wajitoleaji ndio tunazunguka kambini kuandika majina. Safari moja masharti yalikuwa mawili: usizidi miaka 30, na uwe bado hujui kazi. Papa mmoja akatufuata, pima maji mkononi. Alijenga Uvira kabla ya kukimbia, na hapa amejenga miaka zaidi ya kumi. Akasema, "Wanangu, niandikeni na mimi." Tukamjibu, "Papa, wewe ni fundi tayari, utajifunza nini tena?" Tukacheka. Yeye hakucheka.

Baadaye alipata ruhusa ya kutoka, akaenda Gitega. Mnajua tangu Gitega iwe mji mkuu wa kisiasa mwaka 2019, kila fundi anautazama. Kwenye shantie wakamwuliza cheti, hana. Wakamwonyesha plani, hajui kuisoma, maana yeye siku zote alijenga kwa kupima na kuelezwa kwa mdomo. Wakampa kazi ya yede: kubeba mchanga, kukoroga simenti, na pesa ya yede. Mtu mwenye miaka ishirini ya mwiko! Alirudi kimya. Hapo ndipo kicheko chetu kilitugeuka.

Sisi tunaona hivi: mafunzo si ya wanaoanza tu. Anayejua kazi naye anahitaji kusoma, tena mara nyingine anahitaji zaidi, kwa sababu kazi inabadilika akiwa ndani yake.

Mfano hauko mbali. Hapa hapa Muyinga kuna maktaba iliyomalizika mwaka 2012, imechorwa na wasanifu kutoka Ubelgiji, BC Architects, kama sehemu ya shule ya watoto viziwi. Kuta zake ni matofali ya udongo yaliyoshindiliwa kwa mashine, hayakuchomwa. Waashi wetu wengi wamezoea tofali la kuchoma, na kila mtu anaona tanuru linavyokula miti. Lakini mwashi wa tofali la kuchoma hawezi kuamka asubuhi akajenga kwa tofali la kushindilia. Lazima ajue kupima udongo: mchanga ni kiasi gani, mfinyanzi ni kiasi gani. Ajue maji yatoshe bila kuzidi, tofali likaukie kivulini polepole, msingi uwe wa mawe na paa litoke nje vizuri ili mvua isile ukuta. Hayo ni masomo. Ila yule mwenye uzoefu anayashika haraka, maana mkono wake unajua ukuta tayari. Hatuhitaji kumfundisha kushika mwiko.

Wengine watasema, "Mzoea punda hapandi farasi, wazee hawabadiliki." Sisi tunauliza: nani amewahi kuwaletea huyo farasi?

Majirani wameshaanza. Tanzania, VETA inapima ujuzi wa watu waliojifunzia kazini, kisha inawapa cheti. Uganda wana utaratibu wa kuandika ujuzi ambao mtu ameupata kwa vitendo, hata kama hakumaliza shule. Kenya kuna mitihani ya ufundi yenye madaraja. Kwa mkimbizi jambo hili lina uzito mara mbili. Leo uko Muyinga, kesho pengine utarudi Kongo au utapelekwa nchi ya mbali. Nyumba ulizojenga huwezi kuzibeba mgongoni. Karatasi unaibeba.

Tunajua swali lenu, vijana wenzetu, na sisi tumelijadili mpaka usiku: nafasi ni chache, wazee wakiingia sisi tutaenda wapi? Swali ni la haki. Lakini tuangalie vizuri. Tukitoka mafunzoni na cheti chetu cha miezi michache, nani anatupokea kazini? Si hao hao mafundi? Fundi akijifunza kusoma plani, vijana watatu walio chini yake wanajifunza naye bila kuandikwa popote. Akibaki nyuma, anatufundisha ya zamani na sisi tunabaki nyuma pamoja naye.

Kwa hiyo kwa mashirika tunaomba mambo yanayowezekana. Kwanza, kila mafunzo yaache nafasi chache kwa wenye uzoefu, bila sharti la umri. Pili, yao yawe mafupi, ya wiki mbili au tatu, na yasile siku nzima, maana papa mwenye watoto sita hawezi kuacha kibarua miezi sita. Tatu, yafundishwe kwa Kiswahili na Kirundi, kwa vitendo. Kifaransa cha ubaoni kinawafukuza wengi. Nne, mwisho wake fundi apimwe kwa kazi ya mikono yake na apewe cheti kinachokubalika Gitega, si karatasi ya kumpigia picha tu.

Na sisi wajitoleaji tuna deni letu. Yule papa bado yuko, tunapita mlangoni kwake kila wiki. Tulimwomba msamaha. Akasema, "Yameisha, wanangu. Ila mkiandika tena majina, msinisahau."

Safari ijayo tutaanza na jina lake.