Ndege ya kivita bila alama ni kama karao aliyefunika uso

Chukua nganya yoyote ya Rongai au Umoja. Inaweza kuwa imechorwa sura za wanasoka na wanamuziki, ina taa za kila rangi na spika zinazotikisa vioo. Fresh. Lakini sheria bado inataka iwe na mstari wa manjano ubavuni na nambari ya usajili. Mstari huo tuliletewa na zile sheria maarufu za marehemu John Michuki zilizoanza kutekelezwa 2004. Abiria akidhulumiwa, angalau ana pa kuanzia akienda kulalamika.

Sasa niulize. Kama mathree ya watu 33 lazima ijitambulishe, mbona chombo kilichobeba makombora kiruhusiwe kupita juu ya vichwa vya watu bila alama inayoonekana?

Wengi wetu tukiona yale maduara ya rangi kwenye mabawa ya ndege za kivita tunadhani ni mapambo tu, kama stika kwenye bodaboda. Hapana. Alama hizo zina historia ndefu, na sehemu kubwa ya historia hiyo imeandikwa kwa damu.

Ufaransa ndiyo iliyotangulia. Mwaka wa 1912 iliagiza ndege zake za kijeshi zichorwe duara la rangi tatu: buluu katikati, kisha nyeupe, kisha nyekundu. Wazo lilitoka kwa beji ya kitambaa ambayo wanamapinduzi wa nchi hiyo waliivaa kofiani zaidi ya karne moja kabla. Wakati huo ndege ilikuwa kitu kipya kabisa, na majeshi mengine hayakuona haja ya kujisumbua.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka 1914, haja ilionekana haraka. Askari waliokuwa kwenye mahandaki walikuwa hawajazoea kuona ndege. Wakisikia mngurumo juu, walifyatua risasi. Ya adui, ya kwao, yote ilikuwa shabaha. Waingereza wakaona suluhisho ni kuchora bendera yao chini ya mabawa. Tatizo ni kwamba bendera ile ina msalaba katikati, na Wajerumani nao walikuwa wamechora msalaba kwenye ndege zao. Kutoka chini, ndege ikiwa mbali, jicho liliona msalaba tu. Rubani Mwingereza akawa anapigwa risasi na Mwingereza mwenzake kwa sababu ya bendera yake mwenyewe.

Kabla mwaka huo haujaisha, Waingereza walikopa duara la Wafaransa na kuligeuza: nyekundu ikaingia katikati, buluu ikaenda nje. Ndilo duara ambalo RAF imebeba hadi leo, ingawa limebadilishwa mara kadhaa.

Somo la kwanza ndilo hilo. Alama haikuwekwa kwa sababu ya majivuno. Iliwekwa kwa ajili ya yule aliye chini, ili aangalie juu na ajue ni nani anayepita.

Vita Vikuu vya Pili vilirudia somo hilo kwa bei ya juu zaidi. Marekani ilikuwa na nyota nyeupe kwenye duara la buluu, na katikati ya nyota kulikuwa na kidoa chekundu. Baada ya Japani kushambulia Pearl Harbor, kile kidoa kikawa balaa, kwa maana alama ya Japani ilikuwa duara jekundu. Mtu aliyeshika mzinga na ana sekunde chache za kuamua hangoji kuhesabu pembe za nyota. Akiona wekundu, anafyatua. Mei 1942 Marekani ikakifuta. Waingereza waliopigana Asia nao wakaondoa rangi nyekundu kwenye duara lao.

Usiku wa Julai 11, 1943, ndege 144 zilizobeba askari wa miavuli wa Marekani zilikuwa zikielekea kisiwa cha Sicily. Meli na mizinga ya upande wao wenyewe ilizidhania kuwa za adui. Ndege 23 ziliangushwa. Ndiyo maana kabla ya wanajeshi kutua Normandy, Juni 6, 1944, ndege za Marekani, Uingereza na washirika wao zilipakwa mistari minene myeusi na myeupe kwenye mabawa na kiwiliwili. Kazi hiyo ilifanywa mbio mbio, mahali pengine kwa brashi za kawaida, na mistari haikunyooka. Nani angejali? Bora uonekane kama punda milia kuliko uzikwe na wenzako.

Vita vilipoisha, alama zikaanza kubeba ujumbe mwingine: sisi ni sisi. Nchi zilizokuwa chini ya Waingereza zilikuwa zimerithi duara lile lile. Kanada ikaweka jani la mmepo katikati. Australia, 1956, ikaweka kangaruu. New Zealand ikaweka kiwi, ndege wa porini asiyejua kuruka! Jeshi la angani lenye nembo ya ndege asiyeruka. Cheka, lakini hakuna atakayelichanganya na la mtu mwingine.

Kenya nayo iliunda jeshi lake la wanahewa Juni 1964, miezi michache baada ya uhuru, na ndege zikabeba rangi za bendera yetu. Agosti 1, 1982, baadhi ya wanajeshi wa kikosi hicho walijaribu kuipindua serikali ya Rais Daniel Moi. Adhabu moja iliyofuata ilikuwa kupokonywa jina. Jeshi la wanahewa lilivunjwa, kikaundwa kikosi kilichoitwa 82 Air Force, na jina la zamani halikurudi hadi 1994. Miaka 12. Serikali ilielewa vizuri kwamba jina na nembo ni dhamana kutoka kwa wananchi, na ukiivunja unanyang'anywa.

Sasa tuje kwa wale wanaotumia alama kudanganya. Aprili 1961, shirika la ujasusi la Marekani, CIA, lilichukua ndege aina ya B-26, likazichora alama za jeshi la Cuba na kuzituma zikalipue viwanja vya ndege vya Cuba. Moja ikatua Miami, rubani akidai ni mwanajeshi wa Fidel Castro aliyeasi. Balozi wa Marekani katika Umoja wa Mataifa, Adlai Stevenson, akaonyesha picha yake kama ushahidi. Aibu! B-26 za Cuba zilikuwa na pua ya plastiki angavu kama kioo. Ile ya Miami ilikuwa na pua ya chuma. Rangi ilidanganya, pua ikasema ukweli.

Usidhani ni mambo ya kale. Mei 2020 jeshi la Marekani lilidai kwamba ndege za kivita za Urusi zilipelekwa Libya baada ya kupakwa rangi upya kule Syria ili asili yake isijulikane. Urusi ilikana. Lakini jiulize: raia wa Libya aliyekuwa chini angemuuliza nani? Angeandika jina la nani kwenye malalamiko yake?

Na hapo ndipo tulipofika. Ndege nyingi za kivita siku hizi zina alama ya kijivu juu ya rangi ya kijivu, ndogo kiasi kwamba huioni hadi uikaribie. Droni nazo huruka juu sana, na mara nyingi kinachojulikana ni mlipuko tu. Ngoma ikishalipuka, kila serikali inasema si yetu.

Kuna wataalamu waliokaa The Hague mwishoni mwa 1922 na mwanzoni mwa 1923, wakaandika kanuni za vita vya angani. Walipendekeza kila ndege ya kijeshi iwe na alama ya nje inayoonyesha nchi yake na kwamba ni ya kijeshi. Kanuni hizo hazikuwahi kugeuzwa kuwa mkataba rasmi. Ndege za abiria, kwa upande mwingine, ziko chini ya Mkataba wa Chicago wa 1944, na ndiyo maana ndege za kiraia zilizosajiliwa Kenya huandikwa 5Y. Yaani ndege inayokupeleka Mombasa kwa likizo ina masharti makali ya kujitambulisha kuliko ile inayoweza kukuua.

Najua majibu ya wanajeshi. Watasema rangi kali humuuza rubani kwa adui. Ni kweli, na siombi mtu aruke vitani akiwa amepakwa rangi kama nganya. Watasema pia siku hizi kuna mitambo ya kielektroniki ya kutambua rafiki na adui. Sawa, lakini mitambo hiyo huongea na majeshi. Haiongei na mama aliye shambani. Na hata wao huwaangusha: Aprili 1994, ndege za F-15 za Marekani ziliangusha helikopta mbili za Marekani kaskazini mwa Iraq, helikopta zilizokuwa zimechorwa bendera ya nchi yao. Watu 26 walikufa. Kwa hivyo alama peke yake haitoshi. Lakini angalau pale kila mtu alijua nani alimpiga nani, uchunguzi ukafanywa, na Marekani haikuweza kusema haikuhusika.

Hili linatuhusu moja kwa moja. Wanajeshi wetu waliingia Somalia Oktoba 2011, na ndege zetu zimeshambulia huko. Marekani pia imeshambulia huko. Mkulima wa Somalia anayepoteza ng'ombe, au mtoto, anastahili kujua ni nani aliyepita juu. Tukiamini kwamba vita vyetu ni vya haki, tusiogope kuonyesha rangi zetu.

Na vijana wa Kenya hawahitaji kufundishwa maana ya nguvu isiyo na jina. Baada ya maandamano ya Juni 2024 tulishuhudia wenzetu wakichukuliwa na watu waliofunika nyuso, wakaingizwa kwenye magari ambayo nambari zake hazikusaidia chochote. Ukienda kituoni, hakuna anayewajua. Kilichotuumiza zaidi ni kule kutojua ni nani wa kuulizwa. Droni isiyo na alama ni kama lile gari, tofauti ni kwamba imeota mabawa.

Kwa hivyo Bunge letu, ambalo hupitisha bajeti ya KDF kila mwaka, lidai mambo mawili. Kila ndege na droni yetu yenye silaha iwe na alama ya Kenya, hata ikiwa ya kijivu. Na kila shambulio la angani liandikwe kwenye rekodi ambayo wabunge wanaweza kuidai: chombo gani, lini, wapi, kwa amri ya nani. Baada ya hapo Kenya iwe na uso wa kuyadai hayo hayo kwa majirani, na kwa mataifa makubwa yanayouza droni hizi Afrika.

Tumemlazimisha dereva wa mathree apake mstari wa manjano. Mwenye kombora hawezi kudaiwa chini ya hapo.