Misemo ya Kiingereza na Amana ya Mkalimani wa Nyumba



Katika nyumba zetu nyingi yumo kijana mmoja ambaye ndiye mkalimani wa nyumba. Hakuchaguliwa na mtu. Kiingereza chake cha skuli ndicho kilichompa kazi hiyo. Barua ikija, husoma yeye. Ujumbe ukiingia katika simu ya bibi kutoka kwa wajukuu waliozaliwa Uingereza au Kanada, huitwa yeye. Mama akienda kwa daktari asiyejua Kiswahili, hufuatana naye yeye. Baba akiletewa karatasi ya kutia saini, humgeukia yeye: "Mwanangu, hapa wanasemaje?" Mwezi huu twataka kusema na kijana huyo, na wazee wake wakisikiliza, juu ya misemo ya Kiingereza ya kila siku ambayo maneno yake ni mepesi na maana yake imejificha.

Sisi wenyewe hatukusoma zaidi ya chuoni na skuli ya msingi. Lakini vijana wa madrasa hutujia na karatasi zao baada ya darasa, tukakaa nao na kamusi, na pale tuliposhindwa tukawauliza waliotutangulia katika lugha hiyo. Haya tuyaandikayo ni baadhi ya tuliyoyakusanya.

Kwanza na tujue kuwa kila lugha ina maneno yake yenye maana ya ndani. Mtu akituambia kuwa fulani amepata jiko, sote twajua kuwa ameoa, na twampelekea pongezi. Mgeni atakayefasiri neno kwa neno atadhani mtu huyo amenunua kitu cha kupikia. Akisikia kuwa fulani ana mkono wa birika, ataitafuta birika yenyewe, wala hatajua kuwa anayesemwa ni bahili. Hata maamkizi yetu ni hivyo. "Shikamoo" asili yake ni kushika miguu, wala leo hapana anayeshikwa mguu. "Hujambo?" hujibiwa "Sijambo" hata na mwenye homa, kisha ndipo aseme anaumwa. Mwingereza naye ana "How do you do?" Ukiyafasiri maneno hayo moja moja, utadhani anakuuliza unafanyaje kazi. Kumbe ni maamkizi tu, na kwa desturi yao ya zamani hujibiwa kwa kuyarudisha maneno hayo hayo.

Wala kukosea katika mambo haya si dalili ya upungufu wa akili. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari na ya Muslim kuwa sahaba Adiy bin Hatim, Mwenyezi Mungu amridhie, aliposikia aya ya saumu iliyotaja uzi mweupe na uzi mweusi, alichukua kamba mbili, nyeupe na nyeusi, akaziweka chini ya mto wake. Usiku akawa anazitazama ili ajue wakati wa kujizuia kula. Kulipokucha alimwendea Mtume, rehema na amani zimshukie, akamweleza. Naye akamfahamisha kuwa makusudio ni weupe wa mchana na weusi wa usiku. Adiy alikuwa Mwarabu, na lugha ilikuwa yake. Ikiwa hayo yalimpata yeye katika lugha ya mama yake, sembuse kijana wetu katika lugha aliyokutana nayo ubaoni? La kuigwa kwake ni kuwa alikwenda kuuliza.

Sasa na tuingie mahali ambapo kosa la mkalimani lina uzito zaidi, napo ni hospitali. Daktari akianza maneno yake kwa "I am afraid", haogopi kitu. Hiyo ni njia yao ya kutanguliza habari isiyopendeza, kama sisi tunavyoanza kwa kusema "Kwa masikitiko." Mgonjwa akiwa "under the weather", hana neno na mvua wala upepo, maana yake hajisikii vizuri, na aghalabu ni ugonjwa mdogo. Akiwa "on the mend", anaendelea kupata nafuu. Lakini wakisema kuwa mgonjwa "is not out of the woods", wamekusudia kuwa hatari bado haijamwondokea, wala hapana msitu wowote hapo. Na wakisema hali yake ni "touch and go", basi yuko baina ya kuishi na kufa, na haijulikani litakalokuwa. Mkalimani akifasiri maneno hayo kuwa ni "kugusa na kwenda", mama atadhani mwanawe amekaribia kuruhusiwa. Atarudi nyumbani kupika, na ilhali saa ile ndiyo iliyokuwa ya kuwaita ndugu na kukaa karibu na mgonjwa kumwombea dua.

Zito kuliko hilo ni "pass away". Maneno haya mawili, kila moja peke yake, ni ya kupita na ya kwenda mbali. Yakiungana ni kufariki. Ujumbe ukija kuwa ami "passed away" jana usiku, na kijana akamsomea bibi kuwa ami alipita akaenda zake, bibi atauliza: "Amekwenda wapi?" Na huku kuna maiti wa kuoshwa na kuswaliwa, kuna mjane ambaye eda yake imekwisha kuanza, na kuna jamaa wanaostahiki kupewa habari. Vivyo hivyo wakiandika "sorry for your loss", loss hiyo si hasara ya duka. Wanawapa pole kwa msiba.

Tena haitoshi kuijua maana. Yapasa kujua na cheo cha maneno. Kamusi itamwambia kijana kuwa "kick the bucket" maana yake ni kufa, na ni kweli. Lakini hayo ni maneno ya mzaha. Atakayeyaandika katika barua ya taazia atakuwa kama mtu aliyesimama mbele ya wafiwa akasema marehemu wao amekata kamba. Maana itakuwa sahihi, na adabu itakuwa imevunjika.

Tutoke hospitali twende ofisini na sokoni. Kijana aliyeomba kazi akijibiwa "we regret to inform you", asiendelee kutafuta furaha katika mistari iliyobaki, kwani amekataliwa. Akiandikiwa kuwa jina lake watali-"keep on file", ajue kuwa kwa sasa hakuna nafasi, na aendelee kuomba kwingine badala ya kukaa miezi akingoja. Mkubwa akisema "I will bear it in mind", amesema atalikumbuka jambo lako, hakuahidi kulitenda. Na mtu akitanguliza "with all due respect", jitayarishe, kwani heshima hiyo aghalabu hufuatwa na upinzani.

Katika biashara, kitu kikiwa kime-"cost an arm and a leg", hakuna aliyekatwa mkono wala mguu. Bei yake ni kubwa mno. "Daylight robbery" ni bei ya dhuluma, wala usikimbilie polisi. Mwenye mkahawa akikuambia kuwa chai ni "on the house", usiangalie juu ya dari, amekupa bure. Mfanyabiashara aliye "in the red" hesabu yake ina upungufu, na aliye "in the black" hana deni katika hesabu hiyo; kwani waandishi wa hesabu walizoea kuandika upungufu kwa wino mwekundu na ziada kwa wino mweusi. "Red tape" nayo ni mizunguko ya ofisini isiyokwisha, leo njoo kesho. Asili yake ni utepe mwekundu ambao Waingereza walifungia karatasi za serikali na za mahakama.

Juu ya mikataba twataka tuseme kwa mkazo. Mtu akikuambia kuwa anachokupa ni "no strings attached", amedai kuwa hakina masharti. Usimkatalie, lakini itafute "small print", yaani yale maandishi madogo ya chini, kwani huko ndiko masharti mazito yanakokaa. Na liko neno moja ambalo kila nyumba ya Kiislamu yapasa ilijue vyema. Skuli humfundisha mtoto kuwa "interest" ni hamu ya kupenda jambo. Katika karatasi ya mkopo neno hilo hilo ni riba. Baba akiuliza, na kijana akajibu kuwa hapa wanasema wana hamu naye, baba atatia saini kwa mkono wake jambo ambalo ameishi umri wake wote akilikimbia.

Huenda kijana akauliza: misemo hii imetoka wapi? Mingi imetoka katika maisha ya watu wenyewe. Waingereza ni watu wa kisiwa, na bahari imewapa maneno mengi. "To know the ropes" ni kuijua kazi barabara, kwa kuwa baharia wa tanga asiyezijua kamba zake hana kazi chomboni. Na hili watu wa pwani hatuhitaji kuelezwa. "To turn a blind eye" ni kujifanya huoni. Husimuliwa kuwa katika vita vya Copenhagen vya mwaka 1801, Nelson, amiri wa manowari aliyekuwa amepofuka jicho moja, alipoonyeshwa ishara ya kuacha kupigana, aliiweka darubini kwenye jicho bovu akasema kuwa haioni. Mingine imetoka katika mchezo wa kriketi, mingine katika tafsiri ya Biblia yao iliyochapishwa mwaka 1611, na mingine katika tamthilia za Shakespeare aliyekufa mwaka 1616. Kwa hiyo asiyeijua habari ya watu hataweza kuikisia maana kwa kuyatazama maneno tu.

Na hata wenye lugha hawapatani siku zote. Winston Churchill, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili, ameeleza katika historia yake ya vita hivyo jinsi wakuu wa Uingereza na wa Marekani walivyobishana kwa muda mrefu juu ya neno "to table". Kwa Mwingereza, ku-"table" jambo ni kuliweka mezani lijadiliwe sasa. Kwa Mmarekani ni kuliweka kando. Pande zote mbili zilitaka jambo moja, na zilibishana kabla ya kutambua kuwa zimekubaliana.

Basi, kijana wetu, shika haya machache. Sikiliza au soma sentensi yote kabla hujafungua kinywa. Ukiona maana ya neno kwa neno ni ya ajabu, ami anapita usiku au mgonjwa yuko msituni, jua kuwa huo ni msemo. Tazama katika kamusi kubwa chini ya neno lililo kuu katika msemo, kwani huko ndiko misemo hupangwa. Aliyesema akiwa mbele yako, mwombe ayaseme tena kwa maneno mepesi. Daktari mwema hatachukia, bali atafurahi kufahamika. Na yote yakishindikana, sema "Sijui." Neno hilo halimpunguzii mtu cheo. Kinachompunguzia ni kubuni maana mbele ya wazee wanaomwamini.

Nanyi wazazi, msimcheke mtoto aliyesema hajui, wala msimwambie kuwa ada ya skuli imepotea bure. Mkimcheka leo, kesho atawabunia. Tena msimtwike mtoto mdogo habari nzito za maradhi na mauti. Jamaa zetu walioko Uingereza na Marekani waweza kuomba mkalimani wa hospitali. Huko Marekani, kanuni za serikali za mwaka 2016 zilizikataza hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu kumtegemea mtoto mdogo awe mkalimani, isipokuwa kwa dharura. Na huku kwetu, hapakosi mwalimu, jirani au jamaa mtu mzima wa kusaidia. Maneno ya mtu ni amana mpaka yamfikie mwenyewe kama yalivyokusudiwa, na amana haibebeshwi asiyeweza kuibeba.

Kama ilivyo ada ya ukurasa huu, twawaachia vijana misemo mitatu waitafutie maana nyumbani: "a piece of cake", "to let the cat out of the bag", na "once in a blue moon". Huo wa mwisho uwasomeeni wazee wanaoungoja mwezi wa Ramadhani ufukweni kila mwaka, muone watasema nini. Majibu tutayatoa mwezi ujao, inshaallah.

Wabillahi tawfiq.