Mazoezi ya Kupumua na Mtoto Mwenye Pumu
Mwenzetu mmoja wa kikundi alimfundisha mwanawe mazoezi ya kupumua. Mtoto alipopata nafuu, mama akaacha kumpa ile dawa ya kuvuta ya kila siku. Usiku mmoja tulimpokea wodini akihema kwa shida, midomo imebadilika rangi. Tunamshukuru Mungu, alipona.

Mazoezi ni mazuri, ila yana mahali pake. Mfanyishe mtoto wakati hajabanwa kifua. Alale chali, umwekee kitabu kidogo tumboni. Avute pumzi polepole kwa pua mpaka kitabu kiinuke, kisha aitoe kwa mdomo uliofinywa, kama apozaye uji. Dakika 5, mara 2 kwa siku, zatosha. Akisikia kizunguzungu, apumzike. Hivyo msuli wa kiwambo, ulio chini ya mapafu, hufanya kazi yake vema, naye mtoto hujifunza kutohema kwa hofu.

Lakini pumu ni uvimbe na kubana kwa njia za hewa. Mazoezi hayaondoi uvimbe huo. Dawa ya kuzuia ndiyo huutuliza. Usiiache bila ushauri wa daktari.

Shambulio likija, usimlaze. Mketishe, umpe dawa ya kutuliza kama mlivyoelekezwa. Akishindwa kuzungumza, mbavu zikiingia ndani au midomo ikigeuka rangi, mkimbize hospitali mara moja. Sali njiani, mama, wala usisubiri kupambazuke.