Mgonjwa Aelezwe Mionzi Kabla ya Kuvuka Bahari

Neno mionzi hutamkwa kliniki kwa wepesi usiolingana na uzito wake. Daktari huandika barua ya rufaa, muuguzi hutaja siku ya safari na karatasi za kuchukua, na mwanamke wa Kidichi mwenye saratani ya shingo ya kizazi hurudi shamba akiwa na neno hilo moja tu. Jirani akimuuliza anakwenda kufanywa nini, hujibu kuwa anakwenda kuchomwa mionzi. Anayelisikia jibu hilo huona moto, na mwenye kulitoa huuona zaidi.

Kwa miaka mingi tiba hiyo imemtaka mgonjwa wa Unguja avuke bahari hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, na akae huko wiki kadhaa mbali na jamaa zake. Si haki safari kama hiyo kuanzwa kwa hofu ya kitu ambacho mgonjwa hakuelezwa. Maelezo mafupi kuhusu atomu na chaji ya umeme yanapaswa kuhesabiwa kuwa sehemu ya tiba, sawa na maelezo ya namna ya kunywa dawa. Wala maelezo hayo si magumu kama inavyodhaniwa.

Kila kitu, iwe karafuu, jiwe la hamamu ya kale ya Kidichi au nyama ya mwili, kimeundwa kwa atomu. Katikati ya atomu mna kiini chenye protoni na nyutroni, na nje ya kiini mna elektroni. Protoni ina chaji chanya, elektroni ina chaji hasi, na nyutroni haina chaji. Protoni ni nzito kuliko elektroni kwa takriban mara 1,836, lakini chaji zao ni sawa kwa kiasi, zikitofautiana kwa alama tu. Ndiyo maana atomu yenye protoni na elektroni kwa idadi moja haina chaji kwa jumla. Ikipokonywa elektroni, mizani huvunjika, atomu hubaki na chaji chanya, na huitwa ayoni.

Tiba ya mionzi inategemea upokonyaji huo. Katika mashine ya kisasa, elektroni hutolewa kwenye metali iliyopashwa joto. Kwa kuwa zina chaji, nguvu ya umeme huweza kuzisukuma mpaka zikaribie kasi ya mwanga. Zikigonga metali nzito kama tangsteni, huzaa eksirei zenye nguvu kubwa. Eksirei hazina chaji, wala si vumbi linaloweza kuganda mwilini. Ni za jamii moja na mwanga. Zikipita mwilini hung’oa elektroni katika atomu, na elektroni zilizong’olewa huharibu vinasaba vya seli za saratani, ama kwa kuvigonga moja kwa moja au kwa kuvunja maji yaliyomo ndani ya seli. Seli iliyoharibiwa hivyo hushindwa kugawanyika, kisha hufa. Seli zenye afya zilizo karibu nazo huguswa, ila kwa kawaida hujikarabati vizuri zaidi, na hiyo ni sababu moja ya dozi kugawanywa kwa siku nyingi.

Kwa hiyo mgonjwa haungui kwa moto, na hasikii maumivu wakati mionzi inapita. Mashine ikizimwa, mionzi imekwisha, kama vile chumba kisivyobaki na mwanga taa ikizimwa. Hata mashine inayotumia kobalti huweka chanzo chake ndani yake yenyewe. Bibi anayetibiwa kwa mionzi ya nje anaweza kumpakata mjukuu wake jioni ileile.

Hata hivyo ukweli usisemwe nusu. Katika saratani ya shingo ya kizazi, mara nyingi chanzo kidogo cha mionzi huingizwa ndani ya mwili kwa muda maalumu. Kikishatolewa, mgonjwa habaki na mionzi. Anayemezeshwa iodini 131 kwa ugonjwa wa tezi ya shingo ni hali nyingine. Huyo hubeba chanzo mwilini kwa siku kadhaa, na anapaswa kukaa mbali na watoto na wajawazito kwa muda atakaoelekezwa. Kuwachanganya wagonjwa hawa katika onyo moja ni kumtenga na watoto mtu asiyestahili kutengwa.

Kwa anayedhani kwamba mionzi ni kitu kigeni kabisa, mfano uko mgombani, Kidichi penyewe. Ndizi ina potasiamu, na takriban atomu moja katika kila 8,500 za potasiamu ni potasiamu 40, ambayo kiini chake si thabiti. Mara nyingi kiini hicho kinapobadilika, nyutroni moja hugeuka protoni na elektroni hutupwa nje. Chaji chanya moja imezaliwa pamoja na chaji hasi moja, na hesabu inabaki sifuri kama ilivyokuwa. Mwilini mwa mtu mzima wa kilo 70 mabadiliko ya potasiamu 40 hutokea zaidi ya mara 4,000 kila sekunde. Hili halimaanishi kwamba dozi ya hospitali ni sawa na ndizi, kwani dozi hiyo ni kubwa mno na ndiyo maana hupimwa na kulengwa kwa uangalifu. Linamaanisha kwamba kinachoamua madhara ni kiasi na mahali, si jina.

Wapo watakaosema kwamba foleni ni ndefu na mgonjwa hahitaji fizikia. Foleni ni ndefu kweli, lakini maneno yanayohitajika ni machache: “Mama, mionzi hii ni ya jamii ya mwanga, na hutaisikia ikipita. Inaharibu seli za saratani kwa kung’oa elektroni katika atomu. Mashine ikizimwa, hakuna kinachobaki mwilini mwako. Unaweza kuchoka, kuharisha au kusikia mkojo ukichoma; ukiona hivyo, tuambie mapema.” Hayo hayamalizi hata dakika moja.

Muuguzi, daktari na mjitolea wa afya ya jamii waache pia kusema kuchomwa, waseme kutibiwa kwa mionzi. Mgonjwa naye asione haya kuuliza, maana kuuliza si ujinga: ni mionzi ya nje au ya ndani? Kutabaki kitu mwilini? Nikirudi nyumbani nijitenge na nani? Barua ya rufaa isikabidhiwe kabla maswali hayo matatu hayajapata majibu.