Mbegu za ng'ombe zavuka mpaka, shingo ya mtungi yasahaulika

Mwenzetu aliyerejea nyumbani na kuanza upya na ng'ombe mmoja hana fedha za kununua dume bora. Tegemeo lake ni uhimilishaji, kwa mbegu zinazozalishwa katika vituo kama Kabete nchini Kenya, Usa River hapa Arusha na Entebbe nchini Uganda.

Mpakani tunaulizana vibali, afya na jina la dume. Sijaona anayekagua mtungi. Nami nilijifunza kwa hasara: niliuziwa mtungi uliokwishatumika, ukasafiri juu ya lori, na siku ya nne ulikuwa mkavu.

Naitrojeni ya maji iliyo ndani ina baridi ya sentigredi 196 chini ya sifuri. Chupa ya ndani, ya alumini, haigusi ganda la nje. Imening'inia kwenye shingo tu, na katikati hakuna hewa. Shingo hiyo ni ya nyuzinyuzi za kioo zilizoshikamanishwa kwa resini, kwa kuwa haipitishi joto upesi kama chuma.

Tatizo ni kwamba katika baridi hiyo resini husinyaa kuliko kioo, huku ikikakamaa na kupoteza unyumbufu. Hapo huzuka nyufa zisizoonekana kwa macho. Kila mtungi ukikauka na kujazwa tena, na kila ukigongwa barabarani, nyufa huongezeka. Mwishowe hewa hupenya, na joto hufuata.

Hata wakubwa yamewakuta. Novemba 1999 tangi la chombo cha X-33 cha Marekani, la nyuzinyuzi za kaboni, lilijaribiwa kwa haidrojeni yenye baridi ya sentigredi 253 chini ya sifuri. Ukuta wa ndani ukapata nyufa ndogo, gesi ikapenya, ngozi ya nje ikabanduka. Mradi ulifutwa mwaka 2001.

Sisi tuna mizani. Pima mtungi uliojaa, pima tena kesho yake, kisha linganisha upungufu na kiwango cha mtengenezaji. Ukiona barafu kwenye ganda la nje, usinunue. Safirisha ukiwa wima, umefungwa imara, bila kuuburuta.

Kwa maoni yangu, serikali za Afrika Mashariki ziongeze kipimo hicho kwenye kibali. Mbegu iliyokufa haina alama. Mfugaji hugundua baada ya siku 21 hivi, ng'ombe anapohitaji dume tena, na muuzaji yuko ng'ambo ya mpaka.